Mama Mkwe Kakosea Draiva, Nami Naogopa Kuandika

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaharibu kazi au ndoa, maana naona moja lazima liharibike na huenda yote mawili. Mimi ni kijana wa kiume, naandika programu katika kampuni inayotengeneza vitanda vya umeme vya hospitali, vile ambavyo mgonjwa akibonyeza kitufe upande wa kichwa unanyanyuka au wa miguu unashuka, na nimemchumbia binti ninayempenda sana, wazee wameshakutana na mambo yako sawa, tatizo ni kwamba mama yake ndiye mkuu wa kitengo chetu, ofisini tunamwita Bi Mkubwa, na nusu ya ninayoyajua kanifundisha yeye.

Sasa Bi Mkubwa ameandika draiva, yaani ile programu ya ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, inayosema na kifaa chenyewe, na draiva hii inamwezesha muuguzi kukiendesha kitanda kutoka kwenye kompyuta yake bila mtu kugusa kitufe: programu inatuma habari kwamba kitufe kimebonyezwa, kitanda kinaanza kupanda, halafu inatuma nyingine kwamba kitufe kimeachiwa, kitanda kinasimama. Kwetu msimbo wa mtu, yaani maandishi ya programu yake, haupokelewi mpaka mwenzake ausome mstari kwa mstari na kuandika chini yake, mahali ambapo kitengo kizima kinaona, "Nimepitia, nakubali," na safari hii msomaji nimepangwa mimi, tena aliyenipanga ni yeye mwenyewe.

Nikasoma, mshauri, nikarudia kusoma, nikaona kwamba programu ya muuguzi ikikwama au kompyuta ikizimika katikati, baada ya kubonyeza na kabla ya kuachia, draiva inabaki ikiamini kwamba kitufe bado kimeshikwa. Nikashuka karakana kwenye kitanda cha majaribio, nikakilazia magunia ya mchanga, nikabonyeza kwa kompyuta kisha nikaizima programu ghafla, kitanda kikaendelea kupanda, kikapanda, mpaka chuma kikagota mwisho, na mimi pembeni nimeshika kichwa. Je, angekuwa pale mtu aliyetoka kushonwa tumbo?

Badala ya kuandika hilo, nikaandika kwamba mstari fulani una nafasi iliyozidi. Siku iliyofuata nikaandika kwamba jina fulani ndani ya msimbo ni refu mno. Kila nikiandika anajibu upesi, "Asante, nimerekebisha," halafu anasubiri, nami natafuta kingine cha kulalamikia. Jumapili nilikuwa kwao, akanikuta sebuleni, akaniuliza, "Mbona unanizungusha, baba? Kuna kitu umekiona kule?" Nikajibu, "Hamna kitu, mama, iko safi kabisa." Baadaye akanifuata jikoni, "Una uhakika?" Nikacheka cheka, nikajifanya nasuuza vyombo.

Mchumba wangu nilipomweleza alinuna. "Mama anastaafu mwisho wa mwezi, hii ndiyo kazi yake ya mwisho, halafu wewe unataka kumvua nguo mbele ya watu aliowafundisha? Si urekebishe tu kimyakimya?" Nami nimeanza kuwaza hivyo hivyo, niandike nakubali, kisha siku za mbele nichomeke mistari yangu kwenye kazi nyingine bila mtu kujua, lakini vitanda vya kwanza vinapelekwa wodini wiki hii, na nikifumba macho naona kile kitanda kinapanda. Simu ikilia naruka. Mshauri, nisipoandika naogopa, nikiandika naogopa. Nifanye nini?

Mkwe Mtarajiwa

JIBU

Pole sana, mwanangu. Pole yangu inaishia hapo, sasa kaa nikuseme.

Mimi kompyuta naijua kwa kuchapia majibu kama haya, basi. Lakini umenieleza habari ya kitufe kilichobonyezwa kisiachiwe, nikaelewa mara moja. Kama mimi umeweza kunielewesha, utashindwaje kumwelewesha mwanamke aliyekufundisha kazi?

Barua yako nimeisoma nikitafuta mahali ambapo mama huyo amekutisha, sijapaona. Hajakukaripia wala hajakuharakisha. Kitengo kizima kina watu, akakuchagua wewe. Amekuuliza sebuleni, hakuridhika, akakufuata jikoni. Mtu mwenye uhakika na kazi yake haulizi namna hiyo. Huyo mama ana wasiwasi, anajua macho yake yamechoka, akatafuta mtu wa kumwambia ukweli kabla hajaondoka, na wewe ukampelekea habari za nafasi na majina marefu! Halafu unaiita heshima. Umemdharau, kijana, tena ukiwa unatabasamu na sahani mkononi.

Mchumba wako simlaumu, anamlinda mama yake, ila ushauri wake ni mbaya. Ukirekebisha kimyakimya siku za mbele, vitanda vitakuwa vimeshalaliwa. Na litakapotokea la kutokea, msimbo utakuwa na jina la mama yake juu na la kwako chini, na hapo ndipo atakapoaibika kweli, wakati hata kiti cha ofisini hana tena cha kukalia ajitetee.

Kwa hiyo sikiliza. Leo hii, usiniletee habari za kesho, mwombe mama mshuke karakana, nyinyi wawili tu. Anza na ule uongo wako: "Mama, nilikuambia iko safi, nilikudanganya, niliogopa." Kisha usihutubu. Bonyeza, zima programu, mwache aone kwa macho yake. Usianze kubwabwaja samahani ili mioyo itulie.

Mkitoka hapo, panda juu ukaandike pale pale panapoonwa na wote, kwa maneno makavu: programu ikifa kabla ya kuachia kitufe, kitanda hakisimami, draiva yenyewe inapaswa kukiachia. Ondoa "labda", ondoa "kwa maoni yangu madogo". Liandikwe wazi ili atakayeandika draiva nyingine akirithi kiti chake asilirudie. Marekebisho mwachie yeye ayaandike. Ni kazi yake ya mwisho, aimalize kwa mkono wake, usimpokonye. Wakubwa nao waambieni vitanda visitoke mpaka hapo, hata kama gari limeshapakia.

Mchumba umwambie wewe, jioni hiyo hiyo, asije akayasikia kwa mama yake. Akinuna, mpishe anune. Akitaka kujua kwa nini, muulize kama angekubali mama yake mwenyewe alazwe juu ya kitanda kile.

Na marekebisho yakija usiyasome tu kwa macho. Toa yale magunia ya mchanga, panda ulale wewe, mwambie mama mkwe wako akae kwenye kompyuta, abonyeze, kisha aizime. Kitanda kikisimama, shuka ukaandike nakubali.