Faili la Salma Lilisomwa Barazani

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako katika jambo ambalo, kwa shahada yangu ya sayansi ya kompyuta niliyoipata kwa daraja la kwanza, sikutarajia linishinde, nami nitalieleza kwa mpangilio ili nisikupotezee muda.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, mkazi wa Ilala, na nimebuni mfumo ambao mtu huhifadhi ndani yake taarifa zake binafsi, kama vile majibu ya hospitali, na anayetaka kuzisoma hawezi mpaka mwenyewe ampe tokeni, yaani kibali cha kidijitali chenye ukomo wa siku, kilichoandikwa katika blokcheni, ambayo ni daftari la pamoja lisiloweza kufutwa wala kughushiwa, hivyo kila faili linapofunguliwa mwenyewe huona ni nani amelifungua na saa ngapi.

Nina mchumba, Salma, anayeuza vitenge Kariakoo katika duka la familia yao, na baada ya mshenga wetu, Mzee Sadalla, kupeleka barua ya posa, nilimwomba Salma apime seli mundu, kama tunavyoshauriwa vijana wanaotarajia kuoana, na majibu ayaweke katika mfumo wangu badala ya kunionesha karatasi, ili uchumba wetu uwe mfano wa faragha inayoheshimiwa. Alicheka, akasema, "Yaani mpaka damu yangu ina nywila?" lakini akakubali, akanipa tokeni ya siku saba, yangu peke yangu. Majibu yakaonesha kwamba haumwi, ila amebeba kinasaba cha ugonjwa huo.

Ijumaa, kama ilivyo kawaida yangu, nilikwenda kula chakula cha mchana kwa mama, Buguruni. Kabla sijanawa akauliza, "Huyo binti kapima?"

"Kapima, mama."

"Damu inasemaje?"

"Mama, hiyo ni siri yake."

"Siri? Kwani mjukuu atakuwa wa nani, wa kompyuta?"

Nilikataa katakata kumkabidhi simu, kwa kuwa tokeni haihamishiki. Lakini kwa vile hakuwa na miwani na alikuwa ameshaanza kununa, nilifungua faili nikamsomea mwenyewe, pale pale barazani. Naomba hili lieleweke vizuri: kitaalamu, mama hakuwahi kuingia katika mfumo.

Jumatatu, mama mdogo Maimuna, ambaye huuza viatu vya mtumba pamoja na mama pale Mchikichini, alipita dukani kwa akina Salma na kusema mbele ya wateja, "Pole mwanangu, tumesikia una damu mbovu. Mungu atakuponya." Salma akafungua simu, akaona faili lilifunguliwa Ijumaa saa nane na dakika kumi, akajua nilikuwa kwa nani. Aliponipigia nilimweleza kwa utulivu kwamba mfumo haukudukuliwa, kwamba kumbukumbu zake ni sahihi hadi dakika, na kwamba tukio lenyewe linathibitisha ubora wake. Akanijibu, "Tokeni nimeshakunyang'anya, Mheshimiwa Mfumo. Sasa nenda kayatoe majibu yangu kichwani kwa mama yako." Tangu siku hiyo hapokei simu zangu, na baba yake amemwambia Mzee Sadalla kwamba jibu la posa lisubiriwe, bila kutaja mpaka lini.

Mshauri, nampenda Salma, na sioni kosa la kiufundi nililolifanya. Nimefikiria kuongeza kipengele cha kuzuia faili lisifunguke nje ya eneo maalumu. Nimweleze vipi ili aelewe?

Wako katika ujenzi wa taifa la kidijitali,
Mhitimu, Ilala

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mhitimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Wasomaji wajue kwamba mchumba wako haitwi Salma. Wewe uliniandikia jina lake kamili, la baba yake, na mtaa lilipo duka lao, katika barua ya kuchapishwa gazetini! Nimeyafuta mimi, kwa kalamu.

Pole, maana naona unampenda kweli na umeumia. Lakini hakuna cha kumweleza. Ameshaelewa, tena kukuzidi. Mfumo wako ulifanya kazi yake yote: ulimfungulia aliyeruhusiwa, ukaandika saa. Aliyeruhusiwa ndiye aliyesoma kwa sauti kwenye baraza la watu. Sasa hicho kipengele kipya utakifunga wapi, mdomoni? Mama kuuliza ni haki yake. Ungesema hapana angenuna mpaka Jumapili, na Ijumaa nyingine angekupakulia kama kawaida.

Halafu kuna jambo limenikera kuliko yote. Nimetafuta katika barua yako, toka shikamoo mpaka taifa la kidijitali, majibu yako wewe. Hayamo. Umemtuma binti wa watu akapime, damu yako iko wapi? Mtoto huumwa seli mundu akirithi kwa baba na kwa mama. Majibu ya Salma peke yake hayakwambii lolote la kukutisha. Na huenda hiyo "damu mbovu" imo mwilini mwa mama mdogo Maimuna mwenyewe, na amezeeka nayo salama.

Kwa hiyo kesho asubuhi kapime. Ukitoka hapo nenda Mchikichini, kaa na mama na mama mdogo, waeleze kwamba kubeba si kuumwa, kisha mama mdogo arudi dukani na kuomba radhi mbele ya wateja, kama alivyosema mbele ya wateja. Wewe kamwombe radhi baba yake Salma, ukiwa na Mzee Sadalla, na neno "kitaalamu" uliache nyumbani.

Majibu yako yatie kwenye bahasha, usiigundishe, Mzee Sadalla amfikishie Salma. Usiweke siku saba wala masharti. Mwambie amsomee amtakaye, hata barazani. Kisha rudi kwako ukae, bila kujua anamsomea nani na anasema nini. Yeye anaishi hivyo tangu Jumatatu.