Paji la Lamees

Jumapili, 12 Januari 2025

Wageni wameondoka, mashuka ya vyumba vyote tunavyopangisha yananingoja mimi. Lamees anaota meno. Mume wangu Hazim kapiga simu kutoka kazini Sur, anauliza nimechoka? Nikamwambia la, kutwa nimelala. Kacheka. Mimi sikucheka.

Mgeni aliyebaki, mchoraji wa chumba cha juu, Eteri, anataka kumchora mtoto. Katoka Georgia — nilidhani Amerika, kumbe karibu na Uturuki. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu, basi tunaelewana. Nimekubali. Angalau yupo wa kumtazama Lamees nikifua.

Jumatatu, 13 Januari

Eteri huchora huku anazungumza. Kazaliwa mji wa migodi. Alipokuwa mwanafunzi umeme haukuwako, akichora kwa mshumaa, soksi mikononi kwa baridi. Picha akiziuza chini, kando ya daraja. Halafu akaja mwenye duka la picha: tia ua hapa, tia jua pale. Akatia, miaka na miaka. Anasema zimejaa mahotelini na akizikuta hugeuza uso. Alipokataa ndipo jina lake likatoka. Sasa huonyesha Ujerumani, na mwezi ujao Maskati.

Ana mtoto wa kiume, kalelewa na bibi yake. Nikauliza, hupiga simu? Akaanza kuosha brashi.

Jumatano, 15 Januari

Picha imekwisha. Ni Lamees mwenyewe, hata ule mdomo wa kununa. Machozi yalinilenga.

Halafu nikaona paji. Tupu! Asubuhi nilimtia nukta ya wanja ya kuzuia kijicho, kama kila siku. Eteri kasema ndiyo, kaifuta kwa kidole, ilikuwa inamharibia macho. Kamfuta mtoto wangu, bila hata kuniuliza.

Mama mkwe, Bi Kaltham, kaitazama mara moja tu.

"Mwanangu, huyu anakwenda kutazamwa na Maskati nzima, naye uchi."

"Kavaa nguo, Mama."

"N'nalijua n'nalosema."

Alhamisi, 16 Januari

Nimepanda kumwomba Eteri aitie ile nukta. Ndogo tu, kama punje ya ufuta. La. Anasema yule mwenye duka naye alianza na ua moja.

Nikamwambia mimi si mwenye duka, mimi ni mama yake. Anajua, kasema. Na bado la.

Nampenda huyu Eteri na nataka kummwagia ndoo ya maji.

Hazim kwenye simu: achana naye, rangi tu hiyo. Rangi tu! Mbona mama yako hajala tangu jana? Nami sijui husuda naiamini kiasi gani. Lakini kila mama wa nyumba hii kamtia wake wanja. Sitaki niwe mimi niliyeacha.

Jumamosi, 18 Januari

Naandika nimesimama. Eteri anaondoka leo. Nabhan, dereva, anangoja na gari huko chini, huku mlimani haipandi. Picha iko ukumbini, haijafungwa. Bi Kaltham kakaa mlangoni kanyoosha miguu. Nabhan kaja kuchukua masanduku, kasema samahani, mama. "Ruka, mwanangu. Miguu yangu haikunjiki leo." Karudi chini mikono mitupu.

Nimechukua kichupa cha wanja, nikamwambia Eteri: basi nitie mimi. Hakupiga kelele. Kasema nikiigusa si yake tena. Ataiacha hapa, Maskati haiendi. Na tangu mwanawe akiwa mdogo hajachora mtoto mwingine, hii ndiyo aliyotaka watu waione. Kisha kapanda kumalizia kufungasha. Kaniacha nayo, sijui kwa imani au kwa hasira.

Ningependa watu wamwone Lamees. Wallahi ningependa. Ndivyo alivyo, mtu kamtazama mpaka kamjua. Lakini si hivi.

Wanja umeshaingia kidoleni, ukurasa huu nao umepata doa. Lamees kwapani anajinyonganyonga, anataka kumshika yule wa kwenye picha.

Nasikia Eteri anashuka ngazi. Naweka kalamu, maana nahitaji mkono mmoja wa kumzuia Lamees, na huu mwingine, wenye wanja —