Mstari Mrefu wa Muleba

Kashai, Bukoba
3 Septemba 1957

Kwa Dada Kemilembe,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi la ghala la kahawa. Wewe hujambo? Shemeji Rweyemamu na watoto je? Ng'ombe wanatoa maziwa?

Dada, nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Kwenye uchaguzi wa Baraza nampigia debe Nathanael, jirani yetu, si shemeji. Usinikasirikie. Kwetu kijijini migomba imegusana, ukitema mate yanaangukia kibanja cha mwenzio. Vijana wanaoa na hawana pa kupanda hata mgomba mmoja. Ninyi huko rweyani mna kaya tano kwenye nyasi zinazoishia upeo wa macho, na wanaonenepa ni ng'ombe. Nathanael ameahidi kuzigawa nyasi hizo.

Bwana DC ametoa kiti kimoja kwa Muleba yote. Kila mlipa kodi atasimama uwanjani, huko ng'ambo yenu ya mto, nyuma ya mtu wake, vichwa vihesabiwe. Basi matokeo hata mtoto anayajua, kwa kuwa kijiji chetu peke yake kinawameza ninyi nyote. Wengi wape, dada.

Lakini juzi vijana wenu walimkuta mwenzetu akipima nyasi kwa kamba, wakamvunja mkono kwa rungu. Shemeji awazuie. Taata anakusalimu. Anasema yeye atasimama nyuma ya mkwewe hata akiwa peke yake. Baba yetu na ukaidi wake!

Mdogo wako,
Buberwa


Rweyani, Muleba
15 Septemba 1957

Mdogo wangu Buberwa,

Barua imefika na lori la kahawa. Sisi wazima, isipokuwa kitinda mimba ana homa. Hicho kikohozi, kunywa tangawizi, acha sigara.

Unaniambia nisikasirike. Nimekasirika sana. Nyumba yangu iko katikati ya hizo nyasi mnazozigawa. Watoto wangu watakwenda wapi? Na mkono wa mwenzenu mmeshaulipizia kisasi: ng'ombe wetu watatu walikatwa mishipa ya miguu. Walilia asubuhi nzima mpaka Rweyemamu akawamaliza kwa mkuki, mmoja mmoja. Siku hiyo hakula.

Tangu hapo wanaume wanakutana kwangu. Nawapikia na nasikia. Jana mmoja alisema watu wa kwenu hawashindiki, watajaza uwanja. Rweyemamu akajibu, "Hawashindiki mpaka wafiwe. Kule akifa mtu mmoja, jembe linalala kijiji kizima, wala mwanamume havuki mto mpaka matanga yaishe. Huku akifa mtu tunakaa chini kaya tano tu." Wakacheka wote.

Mimi sikucheka, ndiyo maana nakuandikia. Mwambie Taata aje akae kwangu mpaka uchaguzi upite.

Dada yako,
Kemilembe


Kashai, Bukoba
24 Septemba 1957

Dada yangu,

Pole kwa homa ya mtoto. Mimi nimepona kikohozi, nimepata jeraha. Jumapili nilikwenda kijijini, na tulipotoka ibadani tulikutana na watu wenu njia panda, nikapigwa jiwe la taya. Sisi tulimtoa mmoja wao jicho. Sijivunii, ila sitasema uongo kwamba niliona huruma.

Wasiwasi wako nimeusoma. Shemeji ni bingwa wa maneno tu, tunamjua tangu alipokuja kuposa. Taata hataki kuhama. Anasema mtu hakimbii kibanja alichozikwa baba yake. Nimemwacha hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Buberwa


Kijijini, Muleba
5 Oktoba 1957

Kemilembe,

Sina salamu. Taata amekufa. Wamemkatakata kwa mapanga mlangoni mwake, wageni ambao hapa hakuna anayewajua. Vidole vya mkono wa kulia tumeviokota chini ya migomba. Alijikinga, dada.

Uliniambia, nami nikaona ni maneno.

Uchaguzi ni kesho. Wazee wamesema tukae msibani kama desturi. Nikasimama mbele ya maiti nikawaambia: tukikaa, aliyemuua ndiye atakayetutawala. Tumekubaliana. Wanawake watabaki na Taata, wanaume wote tutavuka mto kabla hajazikwa. Jambo hilo halijapata kutokea hapa, na wazee wanalia.

Tukitoka uwanjani tutapitia kwenu. Nimemtuma Benadetha, mke wa fundi, alete barua hii, kwa sababu mwanamke hawatamgusa njiani. Toa watoto.

Buberwa


Rweyani, Muleba
9 Oktoba 1957

Buberwa mdogo wangu,

Watoto wazima. Mimi nipo.

Mmeshinda. Nilisikia kelele zenu kabla sijawaona. Watoto niliwaficha kwenye matete, mimi nikarudi, kwa kuwa mume ni wangu. Nilikuona mbele ya watu wote umeshika mkuki wa Taata. Rweyemamu hakukimbia. Alikuwa amekaa mlangoni tangu habari ya mkwewe ilipofika, hanywi hata maji.

Ni yeye aliyewatuma wale watu. Alikiri kwangu, na simtetei. Alitaka afe mtu yeyote kijijini, ila aliwakataza nyumba ya Taata. Lakini walikuwa wageni, na kwenu nyumba zinafanana, kibanja hakina mpaka. Wakaingia waliyoikuta. Wakamuua mtu pekee wa kijiji kile ambaye angesimama nyuma yake.

Ulipomchoma Rweyemamu mkuki hukunitazama. Nilikuwa karibu kiasi cha kukushika shati. Nililishika, likachanika, ukaendelea kuchoma. Kisha wenzako wakawasha nyumba na zizi, ng'ombe wakiwa ndani.

Nampenda Taata, nampenda mume wangu, na waliowaua wote ni watu wangu. Sijui nikuchukie kiasi gani. Nakuchukia, hilo nalijua.

Rweyemamu hajazikwa. Kaya nyingine zote zimekimbilia Biharamulo, hakuna mwanamume aliyebaki. Nachimba mwenyewe, na udongo wa huku ni mgumu. Kaburi limenifika magotini, nguvu zimeniishia, na fisi wameshamzoea.

Ninyi ni wengi. Niletee wanne wa kumbeba na wawili wa kuchimba. Nawe uje.

Dada yako,
Kemilembe