Baba Naye Amekatazwa Chumvi

Mama,

Mola akupe wasaa huko uliko. Huku nyumba imenibana.

Baba naye ana presha. Daktari alipokuwa akisema hakumtazama yeye, alinitazama mimi: chumvi hapana, samaki wa ng'onda hapana, vidonge vya mchuzi hapana. Nikaitikia tu. Yote nilikuwa nikiyajua tangu ugonjwa wako.

Basi nimerudi kwenye ungo. Rehani, kotimiri, majani ya mchuzi. Nimeyaanika chumbani kwako, maana nje upepo wa bahari unayarudishia unyevu. Nikiingia kuyageuza siipati tena harufu yako, ni rehani tupu. Yakikauka hata yakavunjika mkononi, nayatwanga pamoja na maganda ya ndimu, thaumu kavu na bizari nzima iliyokaangwa. Ni mchanganyiko ule ule uliokuwa ukiukataa. "Mchu hali nyasi," ulikuwa ukisema, eti mtu hali majani, ukiisukuma sahani.

Nakumbuka siku nilipokuta kipande cha ng'onda chini ya mto wako. Shangazi alikuletea kutoka Chovai, kwa siri, kwa kuwa ulimwomba. Nilikitupa nje. Nikakwambia, "Basi kufa upendavyo." Uligeukia ukutani. Siku ya tatu ulianguka ukienda kutawadha, na hatukuwa tumesemezana. Mama, niwie radhi. Sijui pengine pa kuomba.

Nilikuwa niondoke, wajua. Mume wangu amekwisha kupanga chumba Mombasa. Tulisema nivuke arubaini yako tu. Arubaini ikapita, Baba akaanza kuvimba miguu. Kaka akapiga simu kutoka Ulaya: "Wewe ndiye unayejua chakula chake." Majirani nao wanausifu mkono wangu. Kila sifa ni kufuli jingine mlangoni.

Juzi nilimpikia Baba samaki kwa mchanganyiko ule, nikamwekea, nikasimama pembeni nikingoja aisukume sahani kama wewe. Alitafuna polepole. Akaniuliza, "Mumeo hajambo?" Nikasema hajambo. Akachukua tonge jingine, kisha akasema, "Nifundishe kutengeneza hiki."

Baba, Mama! Ambaye hata chai hajawahi kujipikia.

Asubuhi nilimkalisha jikoni. Bizari ikamuungulia, moshi ukatujaa machoni, tukakohoa wote wawili. Nilitaka kumnyang'anya kikaango. Akaushika mkono wangu, akasema, "Tena." Akaunguza tena. Macho yake hayaoni vizuri, mikono inamtetemeka, nami nikajiona nikizeeka pale pale kando ya jiko. Mume wangu sijamwambia lolote. Naogopa kumpa siku ya safari.

Kesho tunaanza upya. Nitamfundisha aijue bizari kwa pua, si kwa macho. Lala salama, mama yangu. Akiweza peke yake mara moja tu, nitafunga mzigo wangu. Nakuahidi, nitaondoka, hata akinililia.

Mwanao,
Mwanaesha