Gari Langu Limebaki la Misiba

Kibiti, Jumamosi, baada ya alasiri. Mvua imenyesha tangu alfajiri na sasa imekatika, ila mbingu bado nzito na uwanja wote ni matope. Nimekaa barazani nasubiri Zuhura, mke wangu, amalize uji wa baba niupeleke hospitali. Sina raha hata kidogo. Nimefungua ukurasa huu kwa sababu mikono imekosa kazi.

Niseme ukweli leo, maana sijausema kwa mtu yeyote.

Nina gari. Ni dogo, la kijivu, limepita mikono ya watu watatu kabla yangu, na mlango mmoja wa nyuma hufunguka kwa nje tu. Lakini kwa mwalimu wa sekondari aliyezaliwa Ruaruke, si jambo dogo hilo. Siku nilipolifikisha nyumbani kwa mara ya kwanza, baba alilizunguka mara mbili, akalipiga bodi kwa kiganja, akasema bismillahi, akafungua mlango wa mbele na kukaa. Hatukuwa na safari yoyote. Alikaa tu, na tangu siku hiyo kiti cha mbele kikawa chake.

Kila Alhamisi nikitoka shule nilikuwa nashika njia ya Ruaruke kwenda kumchukua. Analala kwangu, Ijumaa tunaswali pamoja hapa mjini, tunakula wali na samaki wa kupaka, na Jumamosi namrudisha. Njiani hanyamazi. Kila shamba analitajia mwenyewe: mikorosho hii ya fulani, huu mnazi ulipandwa mwaka wa mafuriko makubwa, hapa palikuwa na kesi ya mpaka hadi watu wakanuniana miaka. Nilikuwa naitikia "ndiyo baba" huku nawaza mambo yangu. Leo ningetoa chochote nimsikie akianza upya kutoka shamba la kwanza.

Halafu mafuta yakapanda. Tukasema yatashuka, yakapanda tena.

Nilibadilika kidogo kidogo, bila kujiona. Kwanza niliacha kiyoyozi, ambacho hata hivyo kilikuwa kinapuliza upepo wa moto. Kisha nikaacha kwenda nalo shuleni, nikawa natembea na kuwaambia watu ni kwa ajili ya afya. Kisha nikaanza kuzima injini kwenye miteremko. Nafundisha fizikia, basi nilijiona nina haki. Nilikuwa najieleza habari za mvutano na msuguano huku breki zimekaza kama jiwe na roho iko mkononi. Ile taa ya njano ya mafuta imewaka muda mrefu hivi kwamba siku ikizimika nitadhani imeungua.

Wala si mimi peke yangu. Bodaboda wa pale stendi hakupeleki vijijini mpaka apatikane abiria wa pili, mpakiwe mishikaki, mmebanana nyuma ya dereva. Jirani yangu mwenye pikapu ameipandisha juu ya matofali, na kuku wake wanataga kwenye kiti cha dereva. Kule visiwa vya delta, nasikia, boti haiondoki mpaka ijae, na mgonjwa husubiri pamoja na magunia. Watu wamejifunza kuzikusanya haja zao kwanza, ziwe tatu au nne, ndipo wasafiri mara moja. Hata mimi nilikuwa nawasifia hilo darasani.

Lakini kwetu kuna safari moja ambayo mafuta yake hayana shida. Ni msiba.

Mtu akifa Ruaruke asubuhi, saa hiyo hiyo habari iko Kibiti. Wenyeji wa huko tulioko mjini tunakusanyika, anatafutwa mwenye gari, watu wanachangishana mafuta, gari linajaa na mnakimbia kuwahi maziko. Hakuna anayenung'unika wala anayeuliza bei imefika wapi. Mafuta ya msiba yanahesabiwa katika msiba, kama ilivyo sanda. Na mwenye gari anayetafutwa siku zote ni mimi.

Basi nikapata akili, au kitu nilichokiita akili. Nilijiambia: wiki hii nilipumzishe gari, baba nitamwona tukienda huko kwa jambo lingine. Wiki iliyofuata nikajiambia hivyo hivyo. Jambo lingine la kule ni lipi? Harusi zina magari yake. Sikuwahi kujitamkia kwamba nangoja mtu afe ndipo nikamsalimie baba yangu. Mtu hawezi kujitamkia neno kama hilo. Lakini ndicho nilichokuwa nikifanya, na tangu mvua za mwaka jana nimekwenda Ruaruke mara nne, na mara zote nne tulizika.

Tukishamaliza makaburini nilikuwa naongozana na baba mpaka kwake, abiria wangu wakibaki garini wanatazama saa. Katika dakika zile chache, neno langu la kwanza baada ya shikamoo lilikuwa mafuta. Baba, mafuta hayashikiki. Baba, gari siku hizi ni pambo la uwanjani. Nilikuwa najitetea kabla hata sijashtakiwa. Yeye alikuwa anasema, "Pole, mwanangu," ananifungia mihogo ya kuwapelekea watoto, na honi inalia, naondoka.

Msiba wa mwisho, wiki tatu zilizopita, hakuwepo makaburini. Nilimkuta nyumbani, amekaa kitandani, shuka imemfunika miguu. Akasema amechoka tu. Nilimsalimia nikiwa nimesimama mlangoni. Niliiona ile shuka, na niliona kwamba kulikuwa na joto na hakuhitaji shuka. Honi ikalia.

Jana nikiwa sokoni nilimkuta Bi Sharifa, mama wa kijijini kwetu anayeleta machungwa. Alinichagulia machungwa yangu bila kuniangalia usoni.

"Mwalimu, mzee wako Ijumaa ya tatu hii hatumwoni akipita kwenda msikitini."

Nikamuuliza kama anaumwa.

"Mie sijui," akasema. "Wewe ndiye mwanawe."

Sikulala vizuri. Leo asubuhi nimewasha gari mvuani. Zuhura alitoa kanga safi, akaitandika kiti cha nyuma, akarudi ndani. Njia ilikuwa imelainika, mahali pawili gari liliteleza mpaka ukingoni, na nilikuwa peke yangu. Ndipo nilipogundua kwamba sijaendesha peke yangu njia ile kwa muda mrefu. Nilizoea kuwa na watu wanne waliofunga midomo.

Nimeegesha chini ya ukuta wa jiko. Baba alikuwa ukumbini, kwenye kitanda cha kamba. Alishasikia injini. Kabla sijafungua mdomo, mkono wake ulikuwa tayari unapapasa ukutani kutafuta kofia.

"Nani amekufa?"

Nikasema hakuna, baba, shikamoo. Akaitikia marahaba, lakini kofia alishaivaa na macho yake yalikuwa yanatafuta kanzu.

"Usinifiche. Ni Athumani?"

Ba'mkubwa Athumani ni kaka yake, yuko Utete, anaumwa siku nyingi. Nikamwambia ba'mkubwa mzima. Akataja jina la pili. Nikasema naye mzima. Akataja la tatu, kwa sauti ya chini zaidi. Nikawa nimesimama kwenye ukumbi niliojifunzia kutambaa, naapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakuna aliyekufa, na baba yangu haniamini. Angeniaminije? Gari langu siku hizi halifiki pale bila jina la marehemu.

"Nimekuja kukuona wewe, baba."

"Kuniona mimi?" Akanitazama. "Na mafuta?"

Hakuuliza kwa kejeli. Baba hana kejeli, na laiti angekuwa nayo, ningejua pa kujificha. Aliuliza kwa kunihurumia, kama mtu aliyemwona mwanawe akifanya matumizi yatakayomtia taabuni.

Mdogo wangu Mwajuma, ndiye anayeishi naye, alitoka jikoni na mikono ya unga. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kitandani akainua shuka.

Sitaandika yote. Kisiki cha mhogo kilimchoma shambani, chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia, naye akaufunga mguu kitambaa na kuendelea kulima. Vidole viwili vimekuwa vyeusi. Mguu umevimba mpaka kwenye kifundo. Harufu ilinifikia nikiwa bado nimesimama.

Nilimgeukia Mwajuma kwa hasira. Nilimuuliza simu anaiweka ya nini. Nilimwambia mtu mzima na akili zake anakaaje na mgonjwa kama huyu bila kusema. Nilipayuka, kwa sababu nilitaka kosa liwe la kwake, japo nusu yake.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema polepole:

"Kaka, simu nimeishika si mara moja. Yeye ndiye kanikataza. Anasema usisumbuliwe, mafuta yenyewe haya. Ulipokuja maziko yale alikificha kidonda, akidhani kitapona. Sasa anasema tungoje, msiba mwingine ukitokea utakuja tu, ndipo utauona huo mguu."

Baba yangu alikuwa anangoja jirani yake afe ili apelekwe hospitali.

Nililia pale pale, mbele ya Mwajuma, mbele ya baba. Sikulia kiume. Baba aliona aibu kwa niaba yangu, akaanza kumwagiza Mwajuma anipe maji, na mwalimu mzima ninayewanyamazisha vijana mia kwa jicho moja nikanywa maji kwenye kikombe cha plastiki.

Tulimbeba wawili. Amekuwa mwepesi mno. Tukamlaza kiti cha nyuma, juu ya kanga ya Zuhura, na Mwajuma akampakata miguu. Njia nzima hakutaja shamba la mtu hata mmoja. Mara mbili alisema nisiende mbio, gari litakula mafuta. Nilikwenda mbio.

Hospitali wamempima, sukari iko juu sana. Hakuna aliyejua kama ana kisukari, hata yeye. Daktari, kijana mpole, alinitoa nje akanieleza bila kuzunguka: vile vidole viwili havirudi, Jumatatu vitaondolewa. Mguu wenyewe hajaukatia tamaa. Siku mbili tatu hizi zitaonyesha kama dawa inashika au kama watalazimika kukata juu zaidi. Akasema tumwombe Mungu na tusikose kufika.

Kwa hiyo mpaka sasa sijui. Naandika na sijui kama baba atatembea kwenda msikitini kwa miguu yake.

Nimewaza sana nikiwa hapa barazani. Bei haitashuka kwa sababu mimi nimelia. Mshahara ni ule ule, gari ni lile lile, na mwezi ujao huenda mambo yakawa mabaya zaidi. Bado nitatembea kwenda shule, wala kutembea hakujaniua. Lakini kuna mahali nilikosea kupunguza. Nilipitisha panga kwenye kila safari isiyo na mchango, na iliyokuwa haina mchango kuliko zote ilikuwa ya baba. Kama nikihitaji kuuza kitu ili gari lifike Ruaruke nitauza, na kama nikishindwa kabisa nitakwenda kwa mishikaki, wa katikati, na suruali yangu ya kazi. Na kwake sitataja tena mafuta. Hilo angalau haligharimu kitu, na ndilo lililomuumiza zaidi.

Je, ningekwenda leo kama Bi Sharifa asingesema? Najiuliza tangu mchana, na jibu nalijua.

Kuna jambo moja nimelichelewesha kuliandika.

Pale mapokezi, muuguzi mmoja mama wa makamo alimfungua baba kitambaa, akatazama. Kisha akachukua kalamu na kuuliza kidonda kina muda gani. Mwajuma akasema kinakwenda mwezi. Yule mama akaweka kalamu chini, akatutazama kwa zamu, macho yakaishia kwangu mimi mwanamume, mimi mwenye funguo za gari mkononi.

"Mwezi mzima, na usafiri mnao. Kwa nini mmemleta leo?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilitaka kusema. Baba akaniwahi, akajiinua kwa kiwiko pale kitandani, na sauti yake ikawa na nguvu ambayo sijaisikia kwake siku nyingi.

"Huyu asilaumiwe, mama. Hakuwepo. Alikuwa safarini, mbali sana. Kafika leo, na leo hii hii kanileta."

Uso wa yule mama ukalainika. Akanigeukia.

"Pole na safari, kaka."

Nikamjibu, asante.