Pedali Iliyotoka Kwenye Tope

Bashay, 9 Machi 2025

Mwanangu Herman,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Arusha? Eva na watoto hawajambo? Sisi tupo. Kifua cha baba yako kinambana asubuhi, ikifika mchana anakisahau na kwenda shambani. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tukifika kwa kaka yako Pascal tunalia tu, hatumalizi maneno.

Zubery, yule mfanyabiashara wa Katesh anayenunua kondoo wetu, anajenga upya duka lake. Wakichimba msingi wametoa kidude cha chuma cha kijani, kile cha kukanyaga kwa mguu ili gitaa lingurume. Akakumbuka kwamba Pascal alikuwa mpiga gitaa, akakileta mwenyewe mpaka hapa. Yule mtu ana utu.

Baba yako alipokiona akakaa chini. Akasema basi, ni cha Pascal, alikuwa Katesh mwaka juzi siku mlima uliposhuka na tope likafukia mji, tumwite padri, tusome misa, tunyoe nywele tumalize msiba. Nikamwambia, Bonaventura, koma! Mwanangu aliniaga kwamba Katesh anapita tu, anakwenda Singida kupiga harusini. Mwili sijauona. Kiatu sijakiona. Sinyoi nywele kwa ajili ya chuma.

Wewe ndiye fundi wa hivi vitu. Niambie, ni chake au si chake?

Mama yako,
Genoveva


Arusha, 18 Machi 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na baba, mwambie asiende shambani na baridi. Sisi wazima, Eva anakusalimu.

Nimesoma barua yako nikiwa kibandani, nikafunga kazi siku hiyo. Mama, pedali za kijani za namna ile ziko nyingi siku hizi. Zipo za zamani za Japani, zipo zilizotengenezwa tena baadaye, na kopi zimejaa. Kwa nje zinafanana kama mayai, lakini umri wake unaonekana.

Ya Pascal aliachiwa na Mzee Yoakimu wa bendi, na mzee aliinunua mpya mwaka 1982. Kwa hiyo angalia kibandiko cha namba chini. Kama kimeharibika, fungua skrubu nne za kifuniko. Utaona volyumu tatu, ni vile vikombe vidogo vya bati vilivyoshika vitufe. Mgongoni vimepigwa namba, na mbili za mwanzo ni mwaka. Pedali haiwezi kuuzwa kabla vifaa vyake havijatengenezwa. Ukikuta mwaka wa baada ya 1982, si yake.

Halafu tazama waya wa betri. Ya Pascal nilimuungia waya wa pasi yako, ule wenye kitambaa. Ulinifukuza na mwiko mpaka zizini, unakumbuka?

Mwanao,
Herman


Bashay, 2 Aprili 2025

Herman mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba! Hamjambo nyote? Sisi leo hatujambo kabisa.

Kibandiko hakipo. Nilikisugua mwenyewe kwa jivu na maji ya moto kabla sijaandika ile barua ya kwanza. Usinigombeze. Unajua nyumbani kwetu kitu kilichofukiwa hakivuki mlango kikiwa na tope lake. Nilisugua mpaka rangi ikaanza kutoka.

Nimefungua kifuniko, ila ndani sikugusa. Tope limejaa, limekauka kama tofali, na waya sijauona. Ila volyumu moja ya pembeni imechomoza, bati lake bado linang'aa. Nimevaa miwani ya baba yako, nikaisoma, nikamwita Agatha wa jirani naye akaisoma. Tisa nne. Tisini na nne, Herman! Si cha Pascal! Ni cha mtu mwingine, Mungu amrehemu popote alipo.

Baba yako amechukua jembe akaenda shambani. Mimi nimelitoa godoro la Pascal juani na kulipiga fimbo, viroboto wametoka jeshi zima. Pengine yuko Singida, pengine kavuka mpaka, pengine ana aibu ya jambo fulani. Akirudi nitamtandika kwanza, ndipo nimpe chakula.

Chuma hicho nakutumia kwa basi la Mbulu ukimalize vizuri, uniandikie kwa mkono wako kwamba si chake, nimsomee baba yako.

Mama yako mwenye furaha,
Genoveva


Arusha, 26 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Watoto wazima. Mvua ya huku haikatiki, mtaro mbele ya kibanda changu unafurika kila jioni na kuzoa vyote tunavyofagia.

Pedali ilinifikia siku ya tatu. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Nililitoa tope lote kwa brashi mpaka vifaa vikawa vyeupe, nikafagia, nikawasha taa. Ile volyumu uliyoisoma ni ya tisini na nne kweli, hukukosea. Lakini risasi ya kulehemu iliyoishikilia ni ya mkono, imevimba. Ni kipuri. Fundi fulani aliitoa kwenye kitu kingine akaibadilisha. Zile mbili zilizokuwa chini ya tope ni za themanini na moja, na risasi yake ni ya kiwandani, haijawahi kuguswa.

Nilitamani niishie hapo. Ningekuambia wazee wengine nao walinunua za miaka ile. Lakini waya wa betri una kitambaa, mama. Ni waya wa pasi yako. Nimeutambua kabla sijaushika.

Alikuwa Katesh. Mwambie baba amwite padri.

Mwanao,
Herman


Bashay, 11 Juni 2025

Mwanangu Herman,

Marahaba. Wasalimie Eva na watoto. Baba yako anakohoa, anakusalimu.

Agatha ameninyoa jana. Baba yako alinyolewa baada yangu. Godoro nimempa mtoto wa Agatha, maana nikilitazama nashindwa kupika. Misa ni Jumamosi ya tarehe ishirini na nane. Padri anasema tunaweza kuweka msalaba hata bila mwili. Nikamuuliza, chini ya msalaba tunaweka nini, baba? Akasema sala.

Mimi nataka kuweka lile tope. Ndilo lililomlalia mwanangu. La nje nililiosha mimi kwa mikono yangu, maji nikayamwaga nyuma ya zizi. Nimekwenda kupatafuta, ng'ombe wamepakanyaga, hapajulikani tena. Limebaki lile la ndani.

Umesema ulilitoa lote, ukafagia. Ulilifagilia wapi? Kaangalie, baba. Hata likiwa la kujaza kijiko tu linatosha, lifunge kwenye karatasi ulilete. Chuma unaweza kukiacha huko.

Kama halipo, usiniandikie. Nitakaa kizingitini mpaka siku ya misa. Basi la Arusha likipita bila barua, nitajua.

Mama yako,
Genoveva