Saa Nzima Kwenye Njia Panda

Bendigo, Victoria
4 Agosti 1996

Kwa shemeji yangu Colin,
Posta ya Broome, ikae mpaka aje kuichukua

Salamu nyingi. Natumaini hujambo, na gari nalo halijakusumbua tangu ulipolirudia jangwani. Sisi hapa tunajikongoja. Baridi ya mwaka huu imekaza, mgongo unamsumbua mke wangu Noelene, nami nimepasua kuni mpaka viganja vimechubuka.

Kaburi la Beryl limekwisha kujengewa. Mawaridi uliyoyataka nimeyapanda mwenyewe. Mdogo wangu alipenda mekundu, nikapanda mekundu.

Nimesikia kwa majirani kwamba umeamua kumaliza mzunguko wa nchi nzima peke yako. Sikulaumu. Ile ramani ilikaa ukutani jikoni kwenu miaka kumi na moja, na kila mahali Beryl alipotaka kupiga hema alipatia alama ya kalamu nyekundu. Lakini siku ya mazishi hukunipa mkono. Wewe unanijua, mimi ni mtu wa kueleza mambo, kwa hiyo niruhusu nikueleze kwa utaratibu, kama nilivyowaandikia polisi.

Asubuhi ile mlisimama kwenye kisima chenye kinu cha upepo ili ubadili tairi, ukanipungia mkono nitangulie. Ilikuwa saa tatu kamili. Nilikwenda hadi njia panda yenye tangi la kutu, nikakata kushoto kuelekea shamba la ng'ombe la Wirrabilla, nikasimama. Kanuni ya msafara niliiandika mimi kabla hatujaondoka nyumbani: wa mbele anamchunga wa nyuma, kwenye kila njia panda anasimama mpaka amwone, na wa nyuma asipokuta mtu pale, asikate kona, anyooshe. Niliegesha mita mia tatu ndani ya kona, kwenye kivuli, nyuma ya kilima cha mchanga, na kwenye tangi nikafunga kitambaa cheupe. Nilisubiri saa nzima. Ndipo nikadhani gari lenu limeharibika, nikawahi Wirrabilla kutafuta msaada.

Polisi wanaona kwamba mlinipita. Jua lilikuwa kali na vumbi lilikuwa jingi. Hakuna anayekulaumu. Kwamba dawa ya kisukari ya Beryl ilikuwa ndani ya friji langu, na si lenu, hilo tulikubaliana sote wanne betri ya gari lako ilipoanza kulegea.

Njoo Krismasi. Chumba kipo.

Ni mimi shemeji yako,
Lindsay


Broome
29 Agosti 1996

Shemeji Lindsay,

Salamu zimefika. Mimi mzima wa mwili. Kutoka hapa nashuka hadi Albany. Mpe pole Noelene kwa mgongo, mwambie asiinue ndoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyotegemea. Mimi ni fundi wa treni, sina maneno. Tairi lilinichukua nusu saa. Nilipofika kwenye tangi la kutu sikuona gari wala mtu, nikanyoosha, kama ulivyotufundisha. Kilomita sabini mbele tukazama kwenye mchanga. Sikuliacha gari, kwa sababu hilo nalo ulitufundisha. Kwenye pochi Beryl alikuwa na dawa ya siku moja. Ndege ilituona siku ya tatu asubuhi, naye alikuwa amekufa alfajiri, kichwa kikiwa kwenye paja langu. Mpaka mwisho alikuwa akisema, "Lindsay atakuja, yule hawezi kuacha darasa bila kuita majina."

Tangu polisi waniambie nilikupita, nakiona kile kitambaa cheupe. Nikiwa naendesha nakiona. Nikichemsha chai nakiona. Nimemwua mke wangu kwa kutotazama kushoto.

Sasa sikiliza. Nilipokwenda Wirrabilla kulichukua gari, walikolivuta kutoka mchangani, mwenye shamba, Bi Thelma Rankine, alinipa kitabu cha wageni nitie jina. Kurasa mbili nyuma nikaukuta mwandiko wako, ule wa ubaoni, tarehe ya siku ile: "Tumefika salama, saa tano na dakika ishirini. Keki za mwenye nyumba hazina mfano." Nani mwingine duniani huandika dakika kwenye kitabu cha wageni?

Nililichukua gari nikarudi nalo kinuni, nikaliendesha kutoka hapo hadi Wirrabilla bila kusimama. Ilinichukua saa mbili na robo. Wewe ulitoka saa tatu, ukafika saa tano na dakika ishirini.

Ile saa nzima uliyosubiri iko wapi?

Shemeji yako,
Colin


Bendigo
25 Septemba 1996

Kwa shemeji yangu Colin,
Posta ya Albany

Ni matumaini yangu kwamba pwani imekupokea vizuri na kwamba unakula chakula cha moto, si kopo la maharage kila siku. Hapa mvua zimenyesha na mawaridi yameshika.

Swali lako ni la haki, na jibu lake ni rahisi. Ukitoka upande wa Alice Springs ukavuka mpaka kuingia Australia Magharibi, saa hurudishwa nyuma kwa saa moja na nusu. Jua huwafikia watu wa magharibi baadaye, na kila serikali hupanga saa zake. Nadhani saa yangu ya mkononi ilikuwa bado ya Alice Springs tulipoachana kinuni, na kitabuni niliandika kwa kufuata saa ya ukutani ya Bi Rankine. Ukiongeza hiyo saa moja na nusu, hesabu inakubali, tena inabaki.

Usijitese. Noelene yuko kwa dada yake Geelong kwa muda, kupumzisha mgongo, lakini najua naye angekusalimu.

Shemeji yako,
Lindsay


Albany
2 Novemba 1996

Shemeji,

Habari za siku nyingi. Mimi naendelea, gari limebadilishwa rejeta.

Uliposema habari za mpaka nilicheka, na sikuwa nimecheka tangu Juni. Umesahau? Siku mbili kabla ya kile kisima ulitusimamisha chini ya kibao cha mpaka, juani, ukachora duara mchangani kwa kijiti, ukatusomesha jua na dunia karibu nusu saa. Hukuturuhusu kupanda magari mpaka sote wanne tumerudisha saa zetu, ukapita ukizikagua mkono kwa mkono. Beryl akakwambia, "Mwalimu, nikikosea utanichapa?" Saa yake ninayo, nimeivaa. Bado inakwenda kwa saa za magharibi kwa sababu wewe ndiye uliyeirudisha kwa vidole vyako.

Sitaki polisi wakufanye lolote, wala sitaki uniombe radhi. Nataka jambo moja: kujua kama nilimpita mtu. Basi.

Tarehe kumi na mbili Desemba, saa nne asubuhi, nitakuwa posta ya Port Augusta. Pale barabara zinagawanyika. Niandikie ukweli hapo. Nikiukuta, hata ukiwa mchungu, nitakata kulia nije nyumbani, tukae kaburini kwa Beryl mimi na wewe siku ya Krismasi. Nisipoukuta sitakuandikia tena, wala sitakuachia anwani.

Una wiki tano na ushee. Umewahi kusahihisha mitihani ya shule nzima kwa siku chache kuliko hizo.

Shemeji yako,
Colin


Bendigo
10 Desemba 1996

Kwa shemeji yangu Colin,
Posta ya Port Augusta

Leo sikuulizi hali. Sina haki hiyo.

Hukumpita mtu, shemeji. Hapakuwa na mtu wa kupitwa. Sikusimama. Hapakuwa na kivuli wala kitambaa.

Jioni ya kuamkia siku ile nilikuwa nakueleza namna ya kupunguza upepo wa matairi kwenye mchanga, nawe ukasema mbele ya wake zetu, "Mwalimu, kengele imelia zamani, wanafunzi wameshakwenda nyumbani." Beryl alicheka mpaka chai ikamwagika. Mdogo wangu mwenyewe. Nililala nalo, nikaamka nalo. Miaka thelathini na minane nimesimama mbele ya madarasa na hakuna aliyenicheka vile.

Tulipofika kwenye tangi Noelene aliniambia, "Simama, Lindsay. Kanuni ni yako." Nikamjibu, "Acha ajifunze kusoma ramani." Nilidhani mtanyoosha kilomita tano, mtashtuka, mtarudi, mtanikuta kibarazani kwa Bi Rankine nikinywa chai. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kukwambia. Friji lilikuwa nyuma yangu, nalisikia likinguruma, wala halikunikumbusha kitu. Mpaka jua lilipozama nilikuwa bado nakusubiri uje uaibike.

Noelene hakwenda Geelong kwa ajili ya mgongo. Alisema hawezi kukaa nyumba moja na kile kitambaa.

Barua kama hii nimeiandika mara sita tangu Novemba, nikaichana. Kila mara nilijikuta naieleza, na kuieleza ni kujitetea. Leo naipeleka mwenyewe posta kabla sijaisoma tena. Kutoka hapo nitakwenda polisi kufuta maelezo yangu. Binti wa posta ameniambia kwamba kwa mizigo ya Krismasi huenda ikachukua siku nne. Nimemwomba aandike haraka juu yake kwa wino mwekundu.

Ukifika usiikute, nakusihi, ngoja.

Shemeji yako,
Lindsay


Port Augusta
12 Desemba 1996

Lindsay,

Nilisema sitakuandikia tena; hii ndiyo ya mwisho. Nilifika saa nne kamili. Nikauliza, hakuna. Nikakaa kwenye benchi nje ya mlango, saa ya Beryl mkononi, nikasema nitasubiri saa nzima, nijue ina urefu gani.

Ni ndefu sana. Nimewaona watu wote waliopita mtaa huu, mama na kigari cha mtoto, mzee na mbwa wake, lori la maji likipita mara mbili. Mtu aliyesubiri kweli saa nzima angekuwa na kitu cha kusimulia. Wewe hukusimulia hata nzi.

Lakini sikuwepo kwenye kona yako, na huko hakuna shahidi atakayeniambia. Kwa hiyo kitambaa ninakwenda nacho.

Saa tano nimeingia tena kuuliza. Karani alinionea huruma, akapekua gunia lote la barua mbele yangu. Kona ya kuja nyumbani iko kulia. Nikinyoosha naelekea kaskazini, nizunguke tena.

Nimefika njia panda sikukuta mtu. Kanuni uliiandika wewe.

Colin